Chupa ya Tisa

Masunga alizima injini, akafunika pua kwa kola ya shati.
"Dada Nkwimba, umevuta nini huko chini,
yai viza la mamba?"
Nilicheka. Bomba lilikuwa limejaa:
juu tope jeusi, laini kama uji wa ulezi uliopoa,
katikati rangi ya jivu,
na chini kabisa udongo mkavu, mgumu,
wenye vijizizi vya nyasi.
Nyasi, Masunga! Hapa tunapoelea palichungwa na swala.
Nyanza hii iliwahi kukauka ikawa mbuga,
kisha ikarudi bila kubisha hodi.

Na harufu hiyo si uozo.
Ni pumzi ya wasiovuta hewa.
Waonjeshe upepo wa Kirumba, watakufa wote.

Usiku umeme ulikatika Nyegezi nzima.
Nikasoma kwa mwanga wa simu:
huko baharini, mita elfu mbili na nusu kwenda chini,
mahali ambapo jua ni uvumi tu,
watu walichota tope kama letu,
wakalilisha kidogo kidogo, wakangoja.
Walingoja kiumbe kimoja kikue, miaka kumi na miwili.
Mtoto aliyezaliwa siku ile alikwisha kuwa darasa la sita.
Walipokitazama kwa hadubini
walikikuta kidogo, mviringo,
kimenyoosha mikono mirefu, membamba,
kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Mikono ya nini?
Wanasema (nami nasema wanasema,
kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwepo)
kwamba jamaa wa kiumbe hicho, zama zile
hewa mpya ilipoanza kuchoma dunia,
alimkumbatia jirani aliyeweza kuishi na moto huo.
Hakummeng'enya.
Hakumtema.
Wakakaa.
Jirani huyo yumo hadi leo katika chembe zangu,
anapika usiku na mchana, halali,
na hurithiwa kwa mama tu.

Jumanne akaja mkaguzi wa hesabu.
Akafungua kabati, akakuta chupa kumi na nne zimezibwa kwa nta.
"Hawa wanaliwa?"
"Hapana."
"Wanauzwa?"
"Bado."
Akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake.
Sikuthubutu kumwambia:
mzee, nawe ni chupa ya tope, ila umefunga tai.

Jioni nikapita Igoma kwa mama.
Alikuwa anaanua udaga juu ya lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba,
jiwe ambalo baba alishindwa kulipasua,
akaamua kujenga kwa kulizunguka.
"Kazi yako hasa ni ipi, Nkwimba?
Watu wananiuliza kanisani, nabaki kukohoa."
Nikaweka kiganja kwenye jiwe.
"Hili lilipopoa, mama, duniani hapakuwa na jani,
hapakuwa na mguu wala jicho.
Walikuwepo wao tu, hao ninaowatafuta."
Naye akaligusa. Lilikuwa bado na joto la mchana.
"Walikuwa wanakula nini?"
"Chuma. Kiberiti. Kilichokuwepo."
Akanyamaza, akiyakung'uta mapande ya udaga,
meusi kwa ukungu, machungu, yaliyomsomesha mwanawe.
"Kilichokuwepo," akarudia, kama anayemtambua mtu wa ukoo.
Kisha akanituma kuni.

Saa hii niko maabara peke yangu.
Jokofu linakoroma, umeme umerudi.
Kumi na tatu zimetulia.
Ya tisa imetoa kiputo,
kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi,
kimepanda polepole hadi kwenye nta, kimekwama hapo.
Huenda ni gesi tu.
Nimeandika saa. Nimeandika tarehe.
Imebaki miaka kumi na mmoja na miezi kadhaa.